Muulize Kijana, Kisha Msindikize

Walio Wote na Kibwezi, walio Mwingi, Mutomo na Kyuso, walio Mbooni milimani, karibuni. Walio jikoni wakichagua ndengu, walio kwenye matatu, walio dukani wakisubiri wateja, ongezeni sauti ya redio kidogo. Na kama kuna kijana hapo nyumbani, msimtume nje. Mazungumzo haya ni yake pia.

Mada ya leo ni vijana walio katika umri wa shule ya upili, na mambo matatu ambayo watu wazima huyataja kwa kunong'ona: msongo wa mawazo, ugonjwa wa sonona ambao wengi huuita dipresheni, na kujiua. Leo yatatajwa kwa sauti ya kawaida, kama vile watu wanavyotaja malaria au kisukari.

Kabla ya kuendelea, chukueni kalamu. Kama kuna msikilizaji ambaye wakati huu mwenyewe ameelemewa, namba ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199. Namba ya kuwasaidia watoto ni 116. Zote ni za bure. Zitarudiwa baadaye.

Jambo kuu la leo ni moja, nalo litarudiwa pia. Mtu mzima akiona kijana amebadilika, amuulize moja kwa moja, kisha amsindikize hadi kwa mhudumu wa afya. Kuuliza, na kusindikiza. Mengine yote yatakayosemwa hapa ni maelezo ya hayo mawili.

Tuanze na msongo wa mawazo. Kila mwenye uhai huupata. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayesubiri KCSE anao. Msichana anayechota maji kwenye mchanga wa mto Tiva kabla ya kwenda shule anao. Punda aliyebebeshwa mitungi minne hupanda kilima akihema, lakini mitungi ikishushwa, akapumzika na kunywa maji, hurudi kuwa punda yule yule. Ndivyo ulivyo msongo wa kawaida: mtihani ukiisha, karo ikilipwa, kijana hucheka tena. Sonona ni pale mitungi imeshashushwa na punda bado hawezi kuinuka.

Mtaalamu wa afya ataitambuaje? Huangalia muda kwanza. Dalili zikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, kwa sehemu kubwa ya siku, hilo si jambo la kupuuzwa. Kisha huangalia dalili zenyewe. Je, kijana ameacha vitu alivyovipenda, kama mpira, kwaya au marafiki? Je, halali, au analala kupita kiasi? Chakula anakiacha? Masomo hayaingii? Anajiona hana thamani, mzigo kwa wengine? Anazungumzia kifo?

Kuna dalili moja ambayo wazazi wengi huikosa. Mtu mzima mwenye sonona mara nyingi huonekana mwenye huzuni. Kijana mwenye sonona anaweza kuonekana mwenye hasira. Anajibu kwa ukali, anapigana na ndugu zake, anafunga mlango kwa kishindo. Nyumbani ataitwa mkaidi. Shuleni ataandikiwa barua aende akamlete mzazi. Wengine huumwa kichwa na tumbo kila mara. Hupimwa malaria, na malaria haionekani. Kwa hiyo mzazi anayesema, "Huyu ameharibika siku hizi," ajiulize kwanza: ameharibika, au anaumwa?

Basi, ni vijana wangapi wanaoguswa? Mwaka 2021 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya watoto wa Kenya wenye umri wa miaka 10 hadi 17, ukiongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC kilichoko Nairobi. Ulionyesha kwamba zaidi ya wanne kati ya kila kumi walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na takriban mmoja kati ya wanane alikuwa na ugonjwa kamili unaotambulika kitabibu. Fikiria darasa la wanafunzi arobaini, popote pale, Kitui au Makueni. Watano kati yao. Na wengi wa watoto waliohitaji msaada hawakuwa wamefika kwa mtaalamu yeyote.

Ukambani una mizigo yake ambayo kijana wa kwingine huenda asiijue. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya. Mahindi yalikauka, mbuzi wakapelekwa mnadani wakiwa wamekonda, na karo ikakosa pa kutoka. Mwanafunzi anayetumwa nyumbani kuleta karo hufika akamkuta mzazi hana kitu. Hukaa wiki moja, mbili, huku wenzake wakiendelea na silabasi. Akirudi, yuko nyuma. Na wengi hulelewa na nyanya, au susu kama Wakamba wanavyomwita, kwa sababu baba na mama wanatafuta riziki Nairobi au Mombasa. Mama anampenda mtoto wake na kumtumia pesa kwa simu, lakini jioni hayupo kuuona uso wake.

Kuna wasichana ambao mzigo wao ni mzito zaidi. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanywa Makueni na watafiti wa Africa Mental Health Research and Training Foundation, taasisi iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei, daktari wa magonjwa ya akili. Watafiti walikaa na wasichana wajawazito waliokuwa na sonona, wakawasikiliza. Walichosimulia ni umaskini, kukataliwa na jamaa, ukatili wa wapenzi wao, na kutengwa na jamii. Baadhi walikuwa wamefikiria kujiua. Msichana huyo huyo, ambaye mwongozo wa serikali unamruhusu kurudi shuleni akishajifungua, ndiye mara nyingi husimangwa mezani, kanisani na njiani. Wasikilizaji, masimango hayajamrudisha msichana yeyote darasani.

Sasa tufike kwenye kuuliza.

Wazazi wengi huogopa kulitamka neno lenyewe. Wanawaza: nikimuuliza mtoto kama anafikiria kujiua, si nitakuwa nimempa wazo ambalo hakuwa nalo? Jibu la wataalamu ni la wazi, na linatokana na tafiti za miaka mingi: hapana. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Aliyekuwa nalo mara nyingi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna mtu amemwona. Asiyekuwa nalo atasema hana, na mazungumzo yataendelea.

Lakini unaulizaje? Tuchukue mfano. Tuseme ni jioni, pahali fulani nje ya mji wa Kitui. Susu anapukuchua ndengu, na mjukuu wake wa kidato cha pili ameketi karibu, kimya. Wiki tatu sasa hajaenda kwaya.

Susu anaanza kwa kile alichokiona kwa macho yake. "Mjukuu wangu, naona chakula unakiacha, na usiku nakusikia ukigeuka geuka. Kuna nini?"

Binti anajibu, "Hakuna kitu, Susu."

Susu haondoki. Haanzi kuhubiri. Anaendelea na ndengu zake, kisha anasema, "Hata kama ni jambo la aibu, sitakugombeza. Nipo."

Kimya kirefu kinapita. Ndipo binti anasema, "Nimechoka tu. Naona ingekuwa heri nisingekuwepo."

Hapo ndipo wengi wetu tungekemea: "Shindwa! Usiseme hivyo!" Susu hakemei. Anauliza polepole, "Ukisema hivyo, mjukuu wangu, unafikiria kujiua?"

"Mara nyingine."

"Asante kwa kuniambia. Leo tutalala chumba kimoja. Kesho asubuhi tunaenda zahanati, mimi na wewe."

Tuyaangalie mazungumzo hayo kwa karibu. Susu alitaja mambo aliyoyaona, hakutoa lawama. Alivumilia kimya. Alitumia neno lenyewe bila kuzunguka. Alishukuru. Na hakuahidi kuweka siri, kwa sababu siri ya namna hiyo haifai kubebwa na mtu mmoja. Kisha akasema watakwenda lini, na akasema watakwenda pamoja. Aliuliza, na alisindikiza.

Na maneno gani hayasaidii? "Jikaze." "Wenzako wana shida kuliko zako." "Sisi tulisoma kwa koroboi na hatukulia." "Hiyo ni mapepo." Mzazi huyatamka kwa nia njema, akitaka kumpa mtoto nguvu. Mtoto husikia kwamba mlango umefungwa.

Kuna jambo lingine la kufanywa usiku ule ule, nalo ni la mikono. Nyumba nyingi za wakulima zina dawa za kunyunyizia ndengu, pamba au maembe, na dawa za kuogeshea mifugo. Zinawekwa wapi? Mara nyingi chini ya kitanda, au kwenye kona ya jikoni. Ziwekwe kwenye sanduku au stoo yenye kufuli, na ufunguo ukae na mtu mzima. Vivyo hivyo dawa za hospitali zilizobaki nyumbani. Sababu ni kwamba wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hudumu kwa muda mfupi, na anayevushwa salama katika saa hizo ana nafasi kubwa ya kuendelea kuishi. Sri Lanka, nchi ya wakulima, ilipiga marufuku dawa kali za mashambani hatua kwa hatua, na Shirika la Afya Duniani linasema vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa takriban asilimia 70 katika miaka ishirini kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Kwa hiyo kufuli lile dogo ni tiba.

Sasa kusindikiza. Kusindikiza hadi wapi?

Wasikilizaji wengi wakisikia ugonjwa wa akili huwaza Mathari, hospitali kuu ya magonjwa ya akili iliyoko Nairobi. Kisha huwaza nauli, na safari inaishia hapo. Lakini Makueni imeonyesha njia iliyo karibu zaidi. Katika muongo uliopita, Profesa Ndetei, Daktari Victoria Mutiso na wenzao waliwafunza wauguzi na maafisa wa kliniki wa vituo vya kawaida vya afya kuutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotungwa kwa ajili ya wahudumu wasio wataalamu wa akili. Waliwafunza pia wahudumu wa afya wa jamii, wale wanaotembea nyumba kwa nyumba. Na walifanya jambo ambalo lingewashangaza wengi: waliwaita mezani waganga wa kienyeji na viongozi wa makanisa wanaowaombea wagonjwa.

Mwanzoni pande hizo hazikuaminiana. Muuguzi alimwona mganga ni mdanganyifu, na mganga alimwona muuguzi ni mwenye dharau. Walipoketi pamoja, walikubaliana juu ya jambo la msingi: mgonjwa ni wao wote, na anayemwona kwanza akizitambua dalili ampeleke kituo cha afya. Kwa nini jambo hilo lina uzito? Kwa sababu kijana aliyeelemewa wa Ukambani mara nyingi hupelekwa kwanza kuombewa, au kwa mundu mue, yaani mganga wa kienyeji. Kama mchungaji anazijua dalili, anaweza kumwombea kijana na saa hiyo hiyo kumwambia mzazi, "Kesho mpelekeni kwa muuguzi." Maombi na zahanati havishindani. Na watafiti waliofuatilia wagonjwa waliohudumiwa kwa mpango huo waliona wengi wao wakipata nafuu.

Tangu Septemba 2023, serikali imetuma wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 kote nchini, wakiwa na mabegi ya vifaa. Vijiji vingi vina wake. Mzazi asiyejua aanzie wapi aanze na huyo. Kutoka zahanati, mgonjwa anaweza kutumwa kituo cha afya, na akihitaji zaidi, hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Wote au ile ya mjini Kitui.

Na huko atapewa nini? Kwa kijana, tiba ya kwanza kwa kawaida ni mazungumzo yenye utaratibu na mtu aliyefunzwa, kwa wiki kadhaa. Dawa zipo, na mtaalamu akiziandika huwa na sababu, lakini hazinunuliwi kiholela dukani.

Mazungumzo hayo hayahitaji daktari wakati wote. Tom Osborn, kijana Mkenya, na wenzake walianzisha mpango uitwao Shamiri. Vijana waliomaliza shule ya upili karibuni hufunzwa, kisha huketi na wanafunzi katika vikundi vidogo, saa moja kwa wiki, kwa wiki nne. Huzungumzia jinsi mtu anavyoweza kubadilika na kukua, mambo ya kushukuru, na yale ambayo kila mmoja anayathamini. Utafiti uliofanywa katika shule za Nairobi na Kiambu, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua. Na huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza akina nyanya kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wagonjwa. Akina nyanya! Susu wa Kitui ana dada zake Harare.

Walimu nao wana neno lao. Katika shule nyingi mwalimu wa ushauri nasaha ana vipindi kamili vya kufundisha, na ofisi yake ya ushauri ni kona ya chumba cha walimu, ambapo hakuna mwanafunzi atakayelia. Mwalimu mkuu anaweza kubadilisha mawili bila kusubiri bajeti: kumpunguzia mwalimu huyo vipindi, na kumpa chumba chenye mlango unaofungwa. Na mwanafunzi anayerudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu aulizwe kwanza hali yake, kabla ya kukabidhiwa barua.

Ikitokea kwamba shule au kijiji kimempoteza kijana kwa kujiua, waliobaki nao wanahitaji kuangaliwa. Wanafunzi waambiwe ukweli kwa maneno machache, bila kusimuliwa namna kifo kilivyotokea. Picha zisisambazwe kwenye WhatsApp. Mazishini, asiinuke mtu kumhukumu marehemu mbele ya wenzake wa darasa, maana katika umati ule huenda yuko mwingine aliyeelemewa, naye anasikiliza atakavyosemwa.

Wapo watakaouliza: na polisi je? Swali hilo limewafunga midomo wengi. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, sheria iliyoachwa na wakoloni, kilisema kwamba kujaribu kujiua ni kosa, na adhabu ni kifungo cha hadi miaka 2, faini, au vyote viwili. Familia zilificha. Mtoto aliyenusurika alitibiwa kwa jina la "ajali". Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili walikwenda mahakamani. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitoa uamuzi kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa kinamwadhibu mtu kwa sababu ya maradhi, na kinamnyima heshima na haki ya afya. Kwa hiyo, mzazi, mwambie muuguzi ukweli wote. Akijua kilichotokea ndipo atajua la kufanya.

Tumalizie kwa kazi ya wiki hii, maana mazungumzo ya redio yasiyozaa kazi hupotea hewani.

Mzazi au mlezi: tafuta wakati mmoja, mkiwa kazini pamoja, mkichota maji au mkichunga mbuzi, umuulize kijana wako hali yake, kisha unyamaze asikike. Mzazi aliye mbali: piga simu jioni, na swali la kwanza lisiwe la alama. Mchungaji, mwalimu, mzee wa kijiji: tafuta jina na namba ya mhudumu wa afya wa jamii wa eneo lako, uiandike mahali watu wataiona. Kijana: kama rafiki yako amekuambia hataki kuishi na akakuapisha usiseme, mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii. Rafiki anaweza kukasirika. Atakuwa hai wa kukukasirikia.

Na akisema ndiyo, anafikiria kujiua? Usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa vitu vya hatari. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni usiku na ni kwa bodaboda, mkiwa pamoja.

Namba ni hizi, kwa wale waliokuwa wakitafuta kalamu. Msalaba Mwekundu: moja, moja, tisa, tisa. Simu ya kuwasaidia watoto: moja, moja, sita. Zote zinapigika bila malipo, hata simu ikiwa haina salio. Ziandikeni nyuma ya daftari la shule, au ukutani karibu na pale mnapochajia simu.